Dawa ya juu ya mti isiuzwe na kitako chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo pengine litaonekana dogo mbele ya habari za foleni, maji na umeme, nalo ni mmea mmoja uotao juu ya miti ambao siku hizi unauzwa hapa Dar es Salaam ukiwa umeng'olewa mzimamzima. Mmea huo ni okidi, na jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana. Wapenzi wa maua huiita okidi chui kwa sababu ua lake ni la manjano lenye madoa ya kahawia. Nilifundisha biolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31, sasa nimestaafu na ninaishi Mbagala, na niandikapo haya kichaka kimoja cha okidi hiyo kimekaa kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kiroba. Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilishuka kwenye daladala, na kabla sijavuka barabara nikamkuta kijana mmoja amepanga dawa zake juu ya turubai la buluu: magome ya mwarobaini, mizizi iliyofungwa mafungu kwa kamba za mgomba, unga mwekundu uliojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na pembeni kiroba cha kilo 50 kilichofunuliwa mdomo. Nilipoinama nikaona mashina ya rangi ya manjano yenye pingili kama miwa midogo, urefu wake toka kiwiko hadi ncha ya vidole, yakiwa bado yameshikana kwenye kitako kimoja kilichozungukwa na mizizi myeupe iliyosukana kama dodoki. Ndani ya mizizi ile mlikuwa na majani makavu yaliyoanza kuoza, na jongoo mdogo akatoka humo akitafuta pa kukimbilia. Kwa chini palibaki kipande cha gome la mti, kipana kama kiganja, kilichobanduliwa pamoja na mmea. Maana yake mkataji hakuchagua shina wala jani, bali alipitisha panga kati ya mti na okidi akakiangusha kichaka chote. Mashina mawili yalikwisha kutoa vikonyo vya maua ambavyo havitafunguka tena.

Kijana aliniamkia vizuri, nikamwitikia, kisha nikamwuliza ile ni dawa ya nini.

"Hii ni dawa ya juu, mzee," akasema, akimaanisha ya juu ya mti. "Inatibu mgongo, inaondoa ndoto mbaya, inavuta wateja dukani, na wazee kama wewe inawarudishia heshima nyumbani."

Nilicheka, naye akacheka. Fungu moja ni shilingi 2,000. Nilipomwuliza inatoka wapi alinionyesha kwa kidevu upande wa Mkuranga, akaniambia kuna mtu humshushia viroba viwili kila wiki, na nilipotaka kujua kama huko zimebaki nyingi, alinijibu kwamba pori ni la Mungu. Sikumlaumu, na katika barua hii pia simlaumu, kwa kuwa anauza alicholetewa na hakuna aliyemweleza kwamba kile kilichomo kwenye kiroba kimechukua miaka mingi kufikia ukubwa ule.

Siandiki haya ili kuikejeli tiba asili. Bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, alitibu watoto wa kijiji kizima kwa maradhi ya tumbo na mchango, na alipokwenda porini alinichukua nimbebee jembe. Mti mchanga alikuwa haugusi. Kwenye mti mkubwa alifukua upande mmoja tu, akakata mizizi miwili au mitatu isiyozidi unene wa kidole gumba, akalifukia shimo na kulikanyaga kwa mguu, kisha akahamia mti mwingine hata kama ulikuwa mbali na jua lilikuwa la utosi. Nilipolalamika kwamba tungeweza kumaliza kazi yote kwenye mti mmoja aliniuliza: mtoto wa jirani akiugua kesho, nitamchimbia nini? Abiria wa mabasi ya mikoani wanaomwomba dereva asimame wakachimbe dawa wanalitumia neno hilo kwa haja nyingine kabisa, lakini nadhani chanzo chake ni kazi hii ya bibi yangu na wenziwe, ya mtu kuingia porini na kutoka na kile tu anachokihitaji. Mwenye kiroba cha Mkuranga amebaki na kuchimba, adabu yake ameiacha.

Kuhusu dawa yenyewe, okidi chui inafahamika katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Kwa Wazulu, mizizi yake huchomwa na moshi wake hutumiwa kumwondolea mtu ndoto mbaya, na mmea huohuo huingia pia katika dawa za mapenzi. Msomaji wa Pwani hatalishangaa hilo, kwa kuwa nasi humfukiza kwa ubani mtoto anayeshtuka usingizini, na tofauti ni kile kinachowekwa kwenye chetezo. Kwa hiyo muuzaji wangu hakuyatunga yote. Habari za ndoto na za mapenzi zimesafiri, ama kwa watu, ama siku hizi kwa simu, na zikafika kituo cha daladala zikiwa zimeongezewa mgongo na wateja wa dukani. Watafiti wa Afrika Kusini wameupima mmea huu maabara pamoja na okidi nyingine zinazouzwa kwenye masoko ya dawa ya huko, wakitazama kama viambato vyake vinapunguza uvimbe na kama vinazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka taarifa kutoka neva moja hadi nyingine, na walipata dalili za kutosha kuwafanya waendelee. Hiyo ni habari njema, lakini ni habari ya chupa za maabara. Kitu kinachofanya kazi kwenye chupa kinaweza kufika tumboni kikageuzwa kuwa kitu kingine, au kikafaa kwa kipimo kimoja na kudhuru kwa kipimo kingine, na fungu la shilingi 2,000 halina kipimo. Mtu mwenye degedege, kifafa au maumivu ya mgongo yasiyokwisha asiache kwenda hospitali kwa kutegemea kiroba kile.

Wenzetu wa Bara Asia wametumia okidi za juu ya miti kwa karne nyingi zaidi na kwa maandishi zaidi, na yaliyowapata yana la kutufundisha. Huko India na Sri Lanka iko okidi iitwayo Vanda tessellata, ambayo mizizi yake huhesabiwa katika Ayurveda, tiba ya jadi ya huko India, miongoni mwa dawa zijulikanazo kwa jina la rasna, zinazotumika kwa baridi yabisi na maumivu ya viungo. Kasoro ni kwamba jina la rasna hubebwa na mimea mbalimbali isiyo na undugu wowote: upande wa Bengal huweza kuwa ni hiyo okidi, kaskazini ya India huwa ni Pluchea lanceolata, ambayo ni ya jamii ya alizeti, na kusini huwa ni Alpinia galanga, ambayo ni ndugu wa tangawizi. Mgonjwa anayenunua rasna huko hana budi kujua amesimama mkoa gani. Sasa fikiria sisi, ambao katika kituo cha daladala hatuna hata jina lenye utata, tuna "dawa ya juu" tu, na juu ya miti yetu huota okidi za aina nyingi, kangaga na virukia, ambavyo vyote vikikatwa vipande na kuanikwa hufanana kiasi kwamba hata mimi niliyefundisha somo hilo ningehitaji kioo cha kukuzia.

Wachina nao wana okidi za jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, ya Dendrobium, ambazo mashina yake yaliyokaushwa huitwa shihu na yametajwa tangu katika vitabu vyao vya kale kabisa vya dawa. Hutumiwa kwa kiu, ukavu wa koo, tumbo na macho. Katika mashina ya Dendrobium nobile wakemia walikuta alkaloidi, yaani kemikali ya mmea yenye nguvu mwilini, waliyoipa jina la dendrobini, kwa hiyo hapo si suala la imani peke yake. Mahitaji yalipokuwa makubwa okidi hizo ziliadimika porini, zikitafutwa hadi kwenye majabali ambako mtu hufika kwa kamba. Wachina wakaanza kuzipanda. Leo mashamba ya Dendrobium officinale yako ndani ya mabanda makubwa, na wengine huzifunga juu ya miti na miamba ziishi karibu na maisha yao ya asili, wakavuna mashina na kukiacha kitako kichipue tena. Muuzaji wa shihu hana sababu ya kuua mmea wake, maana ndio mtaji.

Kabla sijafika kwenye mapendekezo yangu, naomba nimjibu msomaji aliyewahi kuandika katika safu hii akiwashauri wenye bustani waondoe kila kinachoota juu ya miembe yao kwa kuwa ni kupe. Jirani yangu aliniambia hivyohivyo, tena kwa uchungu, kwamba nitaupoteza mwembe wenye embe dodo kwa sababu ya maua. Sisi tuliokulia enzi za Azimio la Arusha tulizoea kumwita kupe kila anayekaa mgongoni mwa mwenzake, na kwa kirukia neno hilo ni la haki kabisa, kwani kirukia huzamisha mzizi wake ndani ya tawi la mchungwa na kunyonya maji na chumvi zake. Okidi haifanyi hivyo. Mzizi wake hulishika gome kwa nje tu, umevikwa tabaka jeupe kama sifongo linalofyonza mvua na umande haraka kabla havijakauka, na maji yakishaingia huhifadhiwa kwenye yale mashina manene, ndiyo maana mmea huu huvumilia kiangazi bila hata udongo. Chakula chake hutengeneza wenyewe kwa majani yake mabichi, kama mwembe unavyotengeneza chake. Okidi chui imeongeza na ufundi mwingine ambao sijachoka kuutazama: huotesha mizizi ya pili, mifupi na yenye ncha kali, ambayo badala ya kushuka husimama wima kama sindano, ikatengeneza kitu mfano wa tenga, na majani ya mwembe yanapodondoka hunaswa humo, yakaoza, yakawa mbolea. Ndiyo maana kiroba kile kilikuwa na majani na jongoo. Ubaya pekee ninaoweza kukubaliana nao ni uzito, kwa kuwa kichaka cha miaka mingi juu ya tawi lililooza kinaweza kuliangusha, lakini tawi lililooza lingeanguka hata hivyo.

Mmea huu haukupata jina lake la kitaalamu hapa kwetu. Mwaka 1841 mtunza bustani Mwingereza John Ansell, aliyekuwa katika msafara wa kwenda Mto Niger, aliuona kwenye kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko katika Guinea ya Ikweta, na mwaka 1844 mtaalamu wa mimea John Lindley akaipa jenasi nzima jina la huyo mtunza bustani. Lakini makazi yake ni mapana, toka Afrika Magharibi hadi kwetu na kushuka hadi Afrika Kusini, na haupendi misitu minene yenye giza. Unapenda miti iliyoachana yenye mwanga na joto, mibuyu, migunga na minazi ya porini kama mikoche. Wakazi wa Mikocheni wanaojua jina la mtaa wao limetoka wapi watanielewa nikisema kwamba tumekuwa tukiondoa mikoche kwa muda mrefu, pamoja na vyote vilivyokaa juu yake.

Hapo ndipo ninapotaka kuwa mkweli kwa wauza dawa. Panga la mchimba dawa si adui mkubwa wa okidi hii. Miaka sita iliyopita rafiki yangu alinunua kiwanja upande wa Kisarawe, akaniomba nimsindikize siku ya kusafisha. Katapila liliusukuma mkwaju mmoja mkubwa ukalala, na kwenye panda yake ya kwanza kulikuwa na okidi chui yenye mashina yasiyopungua 40, ikiwa katikati ya maua. Vibarua walikuwa tayari na viberiti, kwani wenye mkaa walikwisha lipia magogo na matawi yalitakiwa yachomwe siku ileile. Niliomba dakika 10. Nilikata sehemu niliyoweza kuibeba, nikaifunga kwenye kanga niliyoazima kwa mama ntilie, nikarudi nayo Mbagala kwa bajaji mbili huku mchwa wakinitambaa mikononi. Sehemu iliyobaki iliungua. Kwa kila kiroba kinachofika kituo cha daladala, sijui ni vichaka vingapi vinavyoishia hivyo kwenye viwanja vya Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo, ambako jiji linapanuka kila mwezi, na kwenye matanuri ya mkaa tunaoupikia sisi wenyewe.

Kuongezeka kwa okidi nako si kwa haraka. Ganda lake moja la mbegu likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama ilivyo punje ya hindi au kunde. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani juu ya gome la mti, izipe chakula cha mwanzo. Nyingi hupeperuka na kupotea. Hiyo iliyobahatika hupitisha miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Kwa hiyo mtu akifyeka kichaka chenye mashina 40 kwa matarajio kwamba upepo utaleta kingine, watakaokiona kingine hicho ni wajukuu, kama mti wenyewe utakuwepo.

Sipendekezi marufuku. Marufuku zipo tayari kwa sehemu: Tanzania ilijiunga mwaka 1979 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, ambao unahusu jamii nzima ya okidi, kwa hiyo kuvusha mmea huu mpakani kunahitaji kibali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka mvunaji wa mazao ya hifadhi awe na kibali. Pamoja na hayo, tunajua yaliyotokea Nyanda za Juu Kusini, ambako viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa viroba na kuvushwa kwenda Zambia, ambako watu huvisaga na kuvipika na unga wa karanga, wakapata chakula kiitwacho chikanda. Hapo tulikuwa na sheria, na tulikuwa na Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na ambayo mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, maarufu kwa maua hayohayo. Polisi hawezi kusimama chini ya kila mti.

Ninachopendekeza ni kitu ambacho mnunuzi yeyote anaweza kukikagua kwa macho, bila cheti wala maabara. Okidi chui hukua kwa kuongeza mashina mapya pembeni mwa yale ya zamani, na machipukizi ya mwaka ujao yako kwenye kitako, pale mashina yanapokutana. Mvunaji anaweza kuchukua mashina matatu au manne ya zamani, yaliyokwisha kupukutisha majani, akayakata kwa kisu kikali juu ya kitako, na kama ni mizizi ya kufukizia akapunguza ile ya nje kwa kiasi cha konzi moja, kichaka kikabaki hai juu ya mti wake na kikatoa mashina mengine. Shina lililokatwa hivyo lina jeraha moja safi kwa chini. Lililong'olewa lina kitako, lina mizizi yote, na mara nyingi lina gome la mti lililoandamana nalo. Basi atakayekwenda kununua dawa hii, awe mganga, awe mtu wa mgongo, awe mzee anayetafuta heshima, aligeuze shina atazame chini. Akikiona kitako, asinunue. Kijana wa turubai akirudishiwa mafungu mawili matatu kwa sababu hiyo, atamwambia wa Mkuranga, naye atakata kwa namna nyingine, maana biashara ndiyo inayosikia haraka kuliko semina.

La pili linawahusu waganga wenyewe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilituwekea Baraza linalosajili waganga, na Muhimbili tuna kituo cha utafiti wa tiba asili ambacho mizizi yake inarudi hadi mwaka 1974. Ningefurahi kuona mganga aliyesajiliwa akiwa na okidi zake juu ya miti ya uani, kama alivyo na mlonge na mwarobaini, na pale anapotaka kuthibitisha aina, apeleke shina lenye ua kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambako kuna mkusanyiko wa sampuli kavu za kulinganisha nazo. Kuzipanda si kazi kubwa, na hewa ya jiji letu yenye unyevu inazifaa. Nilichofanya mimi ni kukifunga kipande changu kwa kamba ya katani kwenye shina la mwembe, mahali penye gome lililokwaruza na jua la asubuhi, bila udongo wowote, nikakinyunyizia maji mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza hakikufanya lolote la kuonekana, kiasi cha kumfanya mke wangu aulize kama ninaumwagilia ukuni. Mwaka wa pili mizizi ililizunguka gome na zile sindano zikaanza kusimama. Mwaka wa tatu, baada ya mvua za vuli, nilitoka asubuhi kwenda kufungulia kuku nikakuta mkungu wa maua umening'inia juu ya banda lao, madoa ya kahawia kwenye manjano, na yalidumu wiki kadhaa bila kunyauka huku jirani yangu, yuleyule wa kupe, akiwaleta wageni wake kuyaona.

Na kwa wanaosafisha viwanja: kabla katapila halijawashwa, mtu mmoja azunguke na kutazama juu. Watu wa Wakala wa Huduma za Misitu wakiona vema, vibali vya kukata miti vinaweza kubeba sharti hilo la nusu siku, okidi zikashushwa na kupelekwa kwa wanaoziomba. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 wakijaribu mazao ya biashara, ina miti mikongwe yenye mapanda ya kutosha, na mahali pake ni pazuri kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam kuuona mmea huu bila kupanda gari kwenda msituni.

Mwezi huu nimekigawa kichaka changu. Nimetoa vipande vitano, kila kimoja na mashina manne na kitako chake. Hivi ndivyo vitako pekee ninavyoweza kuvitetea, kwa kuwa vinakwenda kufungwa juu ya miti mingine. Kimoja nimempelekea kijana wa turubai, ambaye alikipokea kwa mashaka na kuniuliza kama nina uhakika sitaki hela. Kuna mti mkubwa wa mkungu nyuma ya kituo, ndiko alikokifunga, kwa kamba ya manila kwa sababu katani hakuwa nayo. Vinne vilivyobaki viko kwenye kivuli cha banda la kuku, na mganga yeyote atakayewasiliana nami kupitia ofisi yako, Ndugu Mhariri, akiwa na mti wa kukifungia, atapewa kimoja bure kabla ya mvua za vuli kuanza.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam